Mashine Iliyotafuta Sifuri Penye Kisiki

Pancras aliwasha jenereta, akafuta meza ya mashine kwa kipande cha khanga kuukuu, akabonyeza kitufe cha kutafuta sifuri. Mashine ile ya kuchonga chuma iliendeshwa na kompyuta, na ikizimwa ilisahau ilipo. Kila asubuhi meza yake ilibidi isogee polepole mpaka iguse swichi iliyofungwa pembeni, ndipo ihesabu vipimo vyote kuanzia hapo. Siku hiyo meza iliigusa swichi, ikapita. Ikatoka kwenye reli zake, ikaenda hewani, kimo cha kiuno, mpaka kona ya karakana, ikasimama. Taa nyekundu ikawaka: mota imezidiwa.

Pancras aliirudisha kwa kuisukuma kwa bega, akaanza kutafuta kosa.

Karakana yenyewe ilikuwa Newala, kando ya barabara iendayo Masasi. Mwenye mali alikuwa Bwana Safari, mtu wa bara aliyekuja biashara zilipofunguliwa na kila mwenye gari akaruhusiwa kununua korosho. Mashine aliiagiza kuukuu kutoka ng'ambo, ichonge vipuri vya mashine za kubangulia korosho.

Swichi ilikuwa safi. Waya ulikuwa mzima. Basi Pancras akafanya lile wafanyalo mafundi wakikwama: akabadilisha draivu, vile visanduku vya umeme vinavyosukuma mota, cha huku akakifunga kule. Kosa likiwa la draivu, litahama nayo. Halikuhama. Akabadilisha mota vilevile, nalo halikuhama. Akaigeuza mashine nzima kwa winchi ikatazama upande mwingine. Meza ikatokea mgongoni na kwenda kona ile ile. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Ubovu ulikuwa pale konani.

Baada ya muda konani pakaingia kivuli, kipana, cha mti, chini ya mabati, kikichezacheza kama kuna upepo. Mafundi wakahamishia huko benchi lao la chai.

Pancras alikijua. Pale ulikuwapo mkorosho wa Bibi Bertila, mama wa mkewe Careen. Huko kwao ardhi yaweza kuwa ya mwingine, lakini mkorosho ni wa aliyeupanda, wala haukatwi kabla hajaulizwa. Bwana Safari, mgeni wa watu, aliuliza vizuri kabla ya kumwaga zege: mti huu una mwenyewe? Wakati huo Pancras alikuwa anaomba kazi. Akasema umejiotea tu. Bibi Bertila alikuwa Lukuledi akimuuguza dada yake, akarudi akakuta ukuta. Mkwe na mama mkwe hawasemezani, hivyo alimtuma Careen amuulize mumewe kama alimwona aliyeukata. Pancras alijibu kwamba alikuta umeshakatwa.

Bwana Safari alikuja, akasimama kivulini, akavua kofia, akamwita Pancras kwa jina la mwanawe.

"Baba Jonathan, hapa chini kuna nini?"

"Kisiki tu, bosi."

"Cha nani?"

Pancras alitazama viatu vyake. "Cha zamani," akasema.

"Basi usishindane na mashine. Hamishia swichi hapa."

Pancras akaongeza waya, akafunga swichi penye kisiki. Mashine ikatulia. Vipuri vikatoka sawasawa, na Bwana Safari akamsifu mbele ya wenzake.

Msimu ulipofika, korosho zikaanza kuanguka mezani pamoja na mabibo yake, kutoka juu kusikokuwa na tawi. Bwana Safari akaagiza zikusanywe kwenye magunia, zipakiwe na nyingine. Harufu ya mabibo ikafika barabarani.

Bibi Bertila akaja na kikapu. Mlinzi Yeremia alimwamkia, akaambiwa marahaba, na kwamba bibi amefuata korosho zake.

"Humu karakana, Bibi. Hakuna mti."

"Kivuli nakiona."

"Kivuli kipo. Mti ndio hakuna."

Bibi Bertila aliweka kikapu chini. "Mkwe wangu yumo humo. Mimi siwezi kumuuliza, kamuulize wewe. Mwaka aliokuja kuposa, alituokotea korosho za mti ule msimu mzima, tukamwona mchapakazi. Aseme ni wa nani. Akisema, nitazoa zangu niende."

Yeremia aliingia. Pancras alikuwa amechuchumaa nyuma ya mashine, katikati ya nyaya, uso ukutani. Yeremia alimtazama kidogo, hakumuuliza neno, akarudi getini.

"Amejificha, Bibi. Anakuheshimu mno, hata kukutazama hathubutu."

Priska, aliyeuza maandazi hapo nje, alisema wakwe wa namna hiyo wamebaki wachache. Wa siku hizi wanakaa na mama mkwe mkeka mmoja na kumwomba chumvi. Watu waliokuwa wakila wakakubali. Mkwe akijificha, mama mkwe naye hana budi kumpisha. Bibi Bertila akajitanda khanga usoni, akaokota kikapu, akaondoka.

Jioni sifa zilikuwa zimeshafika nyumbani. Careen alikuwa amepika kuku, na alimwekea mumewe firigisi.

"Mama ndiye aliyemleta," akasema. "Kasema ni wa mkwe wake mwenye adabu."

Pancras alinawa. Mikono ilikuwa bado inanuka mabibo, akanawa tena. Kisha akaila ile firigisi.