Kinywa Wazi Mu Foto

Mujukulu wangu Jokébed aliniambia hii jana, tukichagua maharagi. Korale ya bamama baimbaji ba kanisa ilimuita apige foto mu konseri yabo hapa Butembo. Ile ya muzuri itawekwa ku afishi, karatasi ya kubandika ku ukuta ya kutangaza konseri yabo ya Beni. Akiikosa, bataita mupiga foto mwengine. Lakini akiinua kamera tu, bamama banafunga kinywa, banasimama wima kama foto ya karte ya kitambulisho.

«Bamama, muimbe tu!»

«Batu ba Beni baone pengo yangu?» Mama Vagheni akajibu.

Jokébed akashusha kamera ku kifua, akaimba nabo, vibaya sana. Bamama bakacheka, bakacheza, bakamusahau. Ndipo akapiga.

Mama Vagheni akaangalia foto. «Kumbe niko muzuri hivi na pengo yangu! Weka hiyi ku afishi.»

Alipomaliza kunielezea, Jokébed akalala palepale ku mukeka, amechoka na kazi.