Tumbo la Wilbaro

Kwa siku tisa nilimtafuta mtu aliyemchongea Nthenya, na siku zote hizo nilikunywa chai na washukiwa wangu, maana soko letu lina hoteli moja tu.

Nthenya ni fundi wa kuchomelea vyuma. Hutengeneza mageti na madirisha kando ya barabara ya kutoka Tawa kwenda Kikima, na kazi ikipungua hutengeneza vitu vyake. Mwaka jana akina mama wa mwethya, wale wanaochimba mabwawa pamoja kwa zamu, walimpa majembe yaliyolika, sururu zisizo na mpini na mabeseni matatu ya wilbaro. Akayachomelea yakawa kitu kirefu kufikia mabati ya paa, kisicho na kichwa wala miguu, katikati kimefura. Akakisimamisha mkabala na hoteli.

“Hii ni nini, Nthenya?” nilimwuliza.

“Ni hiyo unaona, umau.” Huniita babu kwa Kikamba, ingawa hatuna undugu.

Mimi nilisoma mita za maji miaka thelathini na moja katika miji ambayo maji huja mara mbili kwa wiki. Mtu akizoea kujaza tarakimu kutoka kichwani hawezi kuacha kitu kikae bila maelezo. Jumatatu niliwaambia watu hotelini kuwa kile ni ndovu aliyetoka vilima vya Nuu kutafuta maji, akashika kutu akiwa kwenye foleni. Jumatano nikasema ni mkwe wa Muindi, shemasi wa kanisa. Alhamisi, chai ikiwa tamu, nikasema ni tumbo la Mkubwa mwenyewe, yule ambaye picha yake iko kila ofisi nchini: helikopta yake ikipita linanguruma, na kuku wa soko zima huacha kutaga siku tatu. Watu walicheka hadi Nderitu, mwenye hoteli, akamwaga maharagwe.

Ni kweli upepo ukiingia kwenye yale mabeseni hutoa mlio. Hayo mengine ni yangu.

Wakati huo amri ilikuwa imeshatangazwa redioni. Kila picha au sanamu iliyo mbele ya watu lazima iwe kitu ambacho mwananchi wa kawaida anaweza kukitaja jina, kisichotajika kiondolewe. Na atakayetengeneza sura ya Mkubwa bila kibali aende akajieleze. Mtoto wa dada ya Katunge, muuza maparachichi, alikuwa mchoraji huko Kitui; alienda kujieleza kabla ya Pasaka. Mpaka mahindi yanavunwa alikuwa bado anajieleza, na hakuna aliyejua ni wapi.

Kwa hiyo chifu wetu, Bi Kavindu, alipomletea Nthenya barua, hakuna aliyecheka. Aitikie baraza la Ijumaa ya wiki iliyofuata, yeye na kitambulisho chake. Bi Kavindu alisoma kosa kwa sauti ndogo: “Sanamu hunguruma helikopta ikipita, na kuku huacha kutaga siku tatu.”

Maneno yalikuwa yangu, mpaka hao kuku.

Basi hotelini kulikuwa na sikio. Nderitu alitoka mbali, na kila ukiagiza chapati anaandika kwenye kijitabu. Anaandika nini muda wote huo? Muindi hakukipenda kitu kile tangu siku ya kwanza. “Kitu bila kichwa kinasali kwa nani?” alikuwa akiuliza. Na Katunge ana kijana anayefanya kazi ya serikali ambayo hajawahi kuitaja.

Nikawategea. Kila mmoja nilimpa uongo wake peke yake. Nderitu nilimnong'oneza kuwa kitu kile hunywa mafuta ya taa. Muindi nilimwambia kimegeuka chenyewe kikatazama kanisa. Katunge nilimwambia kina mwenzake anayetengenezwa Tawa. Halafu nikangoja nione ni uongo wa nani utarudi umevaa mhuri.

“Mzee Nzau,” Katunge aliniambia, “mbona siku hizi unanitazama kama mtu anayehesabu meno yangu?”

“Nakuonea huruma tu, mwaitu,” nikasema, kama mtu anayemwita mama yake.

“Jionee wewe. Hiyo macho itakuletea maneno.”

Jumatano barua ya pili ikaja ofisini kwa chifu. Nilimwomba Bi Kavindu anisomee. Mafuta ya taa hayakuwamo. Kanisa halikuwamo. Tawa haikuwamo. Kulikuwa na hili: “Anayeligonga tumbo hilo mara tatu humsikia Mkubwa akipiga mwayo.”

Nilikaa chini kwenye ngazi ya ofisi. Hadithi ya mwayo nilikuwa nimemsimulia mtu mmoja tu duniani: mnunuzi wa maparachichi mwenye kofia ya kijani, aliyekaa nami kwenye benchi la nje asubuhi mbili. Aliniletea chai na mandazi. “Endelea, mzee,” alisema, “sijasikia mtu anasimulia kama wewe.” Nikaendelea: kuku kabla ya barua ya kwanza, mwayo baada yake. Aliniuliza jina nikampa na la baba. Na sasa nilipofikiri, hakununua hata parachichi moja.

Nthenya hakuchongewa na Nderitu, wala Muindi, wala Katunge. Alichongewa na mimi.

Sikumwambia mtu. Jioni hiyo nilimwendea Nthenya nikamwambia tu kuwa huenda nikaulizwa.

“Usiseme ni ndovu, umau,” alisema. “Usiseme ni kitu chochote. Sikutengeneza mfano wa kitu.”

Ijumaa baraza lilifanywa kando ya kitu chenyewe, na mtu wa kofia ya kijani alikuwa amekaa nyuma ya meza bila kofia. Landikruza ilikuwa nyuma yake, mlango wa nyuma wazi.

“Shahidi wangu!” aliniita kwa furaha. “Mzee, waambie hiki ni nini.”

Nikatazama ule mlango. “Ni tangi la maji.”

“Tangi lenye matundu?”

“Kama yote ya huku, bwana.”

Watu wakacheka. Yeye alingoja kicheko kiishe, kisha akafungua karatasi yake.

“Na mwayo? Na kuku? Au uliniongopea?”

Nikisema kweli ni Mkubwa, Nthenya anapanda gari. Nikisema sijui, kitu chake kinaondolewa. Nilitafuta hadithi ya tatu. Maisha yangu yote haijawahi kukosekana, na siku hiyo haikuja.

“Nilikuongopea.”

“Kwa hiyo hakifanani na mtu?”

“Hata mmoja.”

“Na jina lake?”

Nthenya alikuwa amesimama mbele ya akina mama, mikono nyuma. Hakunisaidia.

“Hakina,” nikasema.

Niliandikishwa kuwa mimi ni mwongo, nikatia sahihi. Nthenya akarudishiwa kitambulisho, akaamriwa akikate kitu chake kwa mashine yake mwenyewe, hapo hapo, wakitazama. Ilimchukua saa mbili. Vipande vilipakiwa kwenye Landikruza, pale ambapo angeketishwa yeye.

Jumamosi nilienda hotelini nikawaeleza kila kitu: kofia, mandazi, mwayo, mitego yangu. Sijawahi kusema ukweli mrefu namna ile. Nilipomaliza, Muindi aligeuza simu yake kifudifudi mezani.

“Hiyo ni hadithi nzuri,” Nderitu alisema.

“Lakini maneno yalikuwa yako na ukarudi nyumbani kulala,” Katunge alisema. “Sisi tunashangaa tu, mzee.”

Nikavuka barabara mpaka karakana. Nthenya alikuwa akiunganisha dirisha la mraba, la kawaida. Nikamwambia na yeye.

“Nilijua,” alisema. “Kuku ni nani mwingine angewataja?” Akapuliza vumbi kwenye chuma. “Uliwaelezea watu wote kitu changu, umau, hata mpelelezi. Mimi uliniuliza mara moja, na hukungoja nimalize.”

“Basi niambie sasa.”

Alinitazama mfukoni, kama anayepima iwapo nina kitu kinachorekodi. Kisha akavuta kinyago chake cha kuchomelea usoni.

“Geuka. Huu moto unaharibu macho.”

Nikageuka. Ng'ambo ya barabara, wote watatu walikuwa wametoka mlangoni mwa hoteli, wakinitazama nimesimama karibu naye, na Nderitu alikuwa na kijitabu chake mkononi.