Kulia kwa Nambari Saba

Mashua nambari saba ilihukumiwa kifo saa nne asubuhi, na hakimu alikuwa Mjomba.

"Nimekoma," alisema, akiipiga kofi ubavuni kama mtu aliyechoshwa na ng'ombe mkaidi. "Mara tatu nimeifungua, mara tatu nimeiziba, mara tatu imerudi imejaa maji. Saa kumi jioni Kocha anakuja kuchukua zile nyingine. Hii tunaikata, nimeshamwambia, tubaki na vipuri. Msasa! Fungua kila kinachofunguka."

Msasa alikuwa mpwa wake. Jina halisi alikuwa nalo, na cheti cha chuo cha ufundi alikuwa nacho, lakini tangu aingie karakana ile miezi minane nyuma kazi yake ilikuwa kupiga msasa, na jina likafuata kazi. Hakulalamika. Alikuwa msichana wa kusema "haya" na kuinamia shughuli yake. Ila mikono yake ilikuwa imepita juu ya kila ubao wa mashua zile ndogo za tanga, zote saba, mali ya shule ya kuendesha mashua iliyokuwa ng'ambo ya barabara, na hakuna aliyezijua ngozi zao kama yeye. Saba ndiyo aliyoipenda. Wanafunzi waoga walipewa hiyo kwanza, kwa sababu ilikuwa na subira, haikupinduka ovyo. Leo ikatwe kwa msumeno?

Alichukua bisibisi, kisha akaenda ukutani kusoma karatasi ya Kocha, ajue mashua nyingine zilihitaji vipuri gani. Kocha wa shule ile alikuwa mwanamke wa haraka, asiyemaliza sentensi. Aliandika hivi:

Mbili: kukwama usukani.
Tano: kupasuka tanga.
Saba: kuvuja, kulia.

Msasa alisoma. Akarudia, safari hii kidole kikifuata mstari. Kukwama. Kupasuka. Kuvuja. Kulia.

Mungu wangu. Kocha hakuandika upande. Aliandika vitendo, vyote, kimoja baada ya kingine. Mashua ilikuwa inavuja na inalia, inatoa sauti. Na Mjomba, fundi ambaye watu walimfuata kutoka mbali, alisoma neno lile lile akafungua ubavu wa kulia. Mara tatu.

Kicheko kilimpanda, akakimeza. Alimpenda sana Mjomba, na kumwaibisha hakutaka. Lakini msumeno ulikuwa umeshatolewa mezani. Akapiga moyo konde.

"Mjomba, samahani. Hii 'kulia' ya Kocha ni kulia gani?"

"Kwani ziko ngapi? Kulia ni huku." Akauinua mkono. "Mkono wa kulia. Huko chuo mlikuwa mnafundishwa nini?"

Karibu na dirisha cherehani ikanyamaza. Aliyekuwa akiikanyaga ni mshona matanga, mama mnene mwenye sindano kila mara kwenye ukosi wa gauni, ambaye karakana nzima ilimwita Mama Matanga.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mkono wa kulia chakula, au wa kulia machozi?"

"Wewe shona."

"Si nashona? Nauliza tu."

Msasa alishusha pumzi. "Nadhani alimaanisha inalia, Mjomba. Inapiga kelele. Nipe nusu saa kabla hujaikata. Nikikosea, nitaikata mwenyewe."

Mjomba alimtazama. Maneno mengi kiasi kile alikuwa hajawahi kuyasikia kutoka kwake kwa mkupuo mmoja. Akaweka msumeno chini.

"Nusu saa. Saa naiangalia."

Walikuwa wameiinua mashua juu ya stendi mbili ndefu, wima, tumbo chini. Katikati yake lilisimama kasha jembamba la mbao, ambamo ubao mrefu hushushwa majini ili upepo usiisukume mashua kando. Msasa aliushusha ubao ule, akaingia chini, akaushika ncha kwa mikono miwili, akausukuma huku na huku kama mawimbi yanavyoufanya.

Nyiii, ikasema mashua. Nyiii.

Mama Matanga akajishika kifua. "Masikini! Kumbe inalia kweli!"

Msasa alileta ndoo mbili za maji, akazimwaga ndani ya mashua, akarudi chini na tochi. Ubavu wa kulia, wenye viraka vitatu vya Mjomba, vizuri kuliko ubao wenyewe, ulikuwa mkavu kama karatasi. Lakini pale kasha lilipokutana na sakafu, tone lilikusanyika, likanenepa, likaanguka. Likaja jingine. Mjomba alipiga magoti kando yake, magoti yakimlia, akakinga kidole.

Kikalowa.

"Mzee," alisema Mama Matanga taratibu, "umemfunga bandeji mguuni, na mwenzio anaumwa tumbo."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mara tatu! Na kila mara nikifungua nasema, mbona ubao mzima? Nikajibu, labda macho yangu." Alifuta uso. "Haya. Nani anaifunga?"

"Mimi," alisema Msasa, upesi kabla aibu haijamkamata.

Alilegeza skrubu zote za kasha. Nne zilitoka kwa vidole tu. Alikwangua gundi ya zamani kwa patasi nyembamba, akakausha kiungo kwa kipulizia joto, akachanganya gundi mpya na unga wa mbao hadi ikawa nzito kama uji. Aliipaka, akarudisha kasha, akakaza kwa skrubu nene zaidi, moja huku, moja kule, kidogo kidogo, ili lisikae upande. Mjomba alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Mara mbili alifungua mdomo kutoa ushauri, na mara mbili akaufunga.

Saa kumi Kocha aliingia na funguo za gari mkononi.

"Mbona saba haijakatwa?"

"Imepona," alisema Msasa. "Gundi inahitaji usiku mzima. Njoo kesho saa nne uichukue."

Kocha alimgeukia Mjomba, naye akawa anakagua kucha zake.

"Na ikivuja?"

"Haitavuja."

Kesho yake upepo ulikuwa mkali, wa kufaa. Kocha aliishusha saba majini, akasema atazunguka boya mara moja tu, arudi awape majibu. Walisimama ukingoni watatu. Tanga lilijaa, mashua ikalala kidogo upande, ikashika njia. Ilizunguka boya. Ikazunguka tena. Kwa mbali walimwona Kocha ameegemea nje mwili mzima kuisawazisha mashua, anapiga vigelegele peke yake.

"Huyo," alisema Mama Matanga, "harudi kabla ya chakula cha mchana."