Gari la Chumba cha Nyuma

Watu wengine gari lao la umeme likikosa pa kuchajiwa, huita fundi avute waya mpaka lilipo gari. Hivyo ndivyo wafanyavyo wenye akili zao timamu. Mume wa Mama Pazia, yeye, alibomoa ukuta.

Tusimwonee, tumweleze tangu mwanzo. Alikuwa meneja wa ghala la marumaru, na mtaa mzima ulimwita Meneja, hata mkewe, hata wakati wa ugomvi. Mkurugenzi wake alipohamia nje ya nchi alimwachia gari lake: jeusi, refu, viti vya ngozi, milango inayojifunga yenyewe polepole kama inaona haya. Halinywi mafuta hata tone. Meneja alivimba kichwa, akaanza kutembea kwa madaha. Ila waya wa kulichajia ulikuwa mfupi, na ile nyumba ilikuwa na soketi moja tu iliyoweza kubeba umeme mwingi kiasi kile. Soketi hiyo ilikuwa chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa jiko.

"Usithubutu kuunga waya wa kuongezea," fundi umeme alimwonya. "Utaunguza nyumba. Hapa ni mawili: tupeleke umeme kwa gari, au wewe ulete gari kwa umeme." Kisha akacheka, maana alikuwa anatania.

Meneja hakucheka. Kupeleka umeme kwa gari kulitaka kuchimbwa kibaraza chake, chenye marumaru alizozichagua mwenyewe moja moja. Kibaraza kiguswe? Thubutu! Akaita waashi, wakabomoa ukuta wa nje wa chumba cha nyuma, wakaweka mlango mpana wa chuma, na gari likaingizwa chumbani kinyumenyume. Kitanda kilichokuwamo kilikuwa kimeshatolewa, kimeegemezwa sebuleni.

Sasa, chumba kile kilikuwa na mwenyewe. Mama Pazia alikuwa na mama yake, Bi Mkubwa, aliyeishiwa nguvu za miguu. Bi Mkubwa alikuwa akiishi kwa mwanawe wa kiume, na huko chakula alisukumiwa mlangoni, siku nzima hasemeshwi. Kila Mama Pazia alipokwenda kumtazama alimkuta amekonda zaidi. Alimbembeleza mumewe, akalia, akanuna, akambembeleza tena, mpaka Meneja akakubali kwamba Bi Mkubwa aje, na chumba cha nyuma kiwe chake. Mahali pengine hapakuwepo. Kulikuwa na chumba cha wenye nyumba, na sebule iliyojaa vitambaa, maana Mama Pazia alikuwa fundi wa kushona mapazia na jina ndiko lilikotoka.

"Atalala sebuleni," Meneja alisema sasa. "Kochi si lipo?"

"Kochi lile hata wewe ukikalia unainuka umeshika kiuno."

"Basi angoje kidogo kwa kaka yako."

"Angoje mpaka lini? Mpaka gari lichumbiwe lihamie kwa mume?"

Hakungoja. Kaka mtu alimleta siku hiyohiyo bila hata kupiga simu, akamshusha na mkoba wake, akaondoka mbio kama aliyetua gunia. Mama Pazia alimshika mama yake mkono, asijue aanzie wapi. Bi Mkubwa alijikokota moja kwa moja mpaka kwenye chumba alichoahidiwa, akasukuma mlango. Taa za gari zikawaka zenyewe, zikamtazama.

"Hiki ndicho chumba changu?"

"Ndicho, mama. Lakini..."

"Na hii ndiyo samani yake?"

Mama Pazia alikuwa bado anatafuta jibu wakati Bi Mkubwa alipofungua mlango wa nyuma na kuketi kwenye kile kiti cha mkurugenzi. Akabonyeza kitu. Kiti kikalala, kikamnyanyua miguu, kikaanza kumpasha joto mgongoni. Bi Mkubwa akafumba macho.

"Nimefika," akasema. "Niletee mto."

Asubuhi yake Meneja alikuja na suti yake, akashika kitasa, akaganda. Mle ndani alikuwa amelala mama mkwe wake. Na mtu, hata awe meneja wa marumaru za dunia nzima, anaingiaje alikolala mama wa mkewe? Kuchungulia tu ni aibu, sembuse kufungua mlango na kukamata usukani. Akapiga hodi.

"Bado sijavaa, baba," Bi Mkubwa aliitikia.

Meneja aliruka nyuma, akaenda kazini kwa miguu. Kesho yake akajaribu tena. "Najipaka mafuta, baba." Siku iliyofuata: "Najinyoosha kidogo, baba." Viatu vya Meneja vikaanza kuisha upande.

Mama Pazia naye aliona isiwe taabu, akakata kitambaa akashona mapazia ya vioo vyote vya gari, yenye marinda, na la kioo cha mbele akalitia kamba za kufungia. Kitana na dawa za Bi Mkubwa zikakaa kule kunakowekwa karatasi za gari. Kanga zake zikaning'inizwa kwenye usukani. Majirani waliokuja kumjulia hali walikaribishwa viti vya mbele, na aliyeketi nyuma ya usukani aliushika kwa mikono miwili, kwa adabu, mazungumzo yote. Walitoka wakisifia kiyoyozi. Jirani mmoja alimvuta Mama Pazia pembeni akauliza kama kuna nafasi.

Na gari, masikini, lilikuwa likijaa chaji asilimia mia na haliendi hata chooni.

Kwa hiyo Meneja akabakiwa na jambo moja tu. Kila jioni akitoka kazini alisimama nyuma ya mlango wa chumba, akakohoa. Kumuuliza mama mkwe habari za betri alishindwa, angemwona mtoto. Akawa anazunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Huku kwema?"

"Kwema."

"Hakuna joto kali?" Betri haipendi joto.

"Hakuna, baba."

"Umeme haukukatika mchana?"

"Haukukatika."

"Na panya? Hakuna panya?" Panya hutafuna waya.

"Hakuna, baba. Ahsante kwa kuniuliza."

Meneja aliondoka roho yake imetulia. Mama Pazia, pale kwenye cherehani, alisonya. Alimjua mumewe nje ndani, na alijua mgonjwa anayejuliwa hali pale ni nani.

Mambo yangeweza kwenda hivyo hivyo, lakini Meneja aliponzwa na mdomo wake. Mgeni kutoka makao makuu alikuwa anakuja, na Meneja alijigamba mbele ya bosi mpya na wafanyakazi wote kwamba atampokea yeye, kwa gari lake.

"Jumamosi gari linatoka," alimwambia mkewe. "Na likirudi, ni gari, si gesti. Nimeshaongea na kaka yako. Bi Mkubwa anarudi kule."

Mama Pazia alisimamisha cherehani. "Kule kule kunakomkondesha?"

"Unataka nifanyeje? Nitakuwa kichekesho!"

"Kichekesho umeshakuwa, Meneja! Mwanamume mzima amelipatia gari chumba, kisha akamlaza mama mkwe ndani ya gari! Kuna kichekesho gani kilichobaki?"

Akalia palepale, bila kujificha, kitambaa cha watu kikalowa. Meneja alitoka akaenda kukitazama kibaraza chake.

Jumamosi asubuhi alisimama mlangoni amevaa tai, simu mfukoni. Mama Pazia alikuwa nyuma yake amebeba mkoba wa mama yake, pini za kushonea zimo mdomoni, maana alijua akizitoa atasema maneno yasiyofutika. Meneja akapiga hodi.

"Ingia, baba. Nimeshavaa."

Hilo hakulitarajia. Ilibidi aingie, akaingia kwa mgongo, akapapasa mpaka akapata mlango wa dereva, akaketi ametazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Kioo cha ndani akakigeuza juu asije akaonana na mkwewe. Mbele yake pazia la marinda lilikuwa limefungwa vizuri.

"Mama," alisema, "nimekuja... kuchomoa waya."

"Najua. Mwanangu amelia tangu juzi, na milango ya nyumba hii si minene." Bi Mkubwa akaurekebisha mto wake. "Sikulaumu. Gari ni lako, nitatoka. Ila usiondoke ukidhani nilikuwa nakufanyia ukaidi. Kule kwa mwanangu, kila aliyekuja kuniinua alivuta pumzi kwanza, akaishusha, ili nijue mimi ni mzigo. Kiti hiki kinaniinua na hakipumui. Na jioni ulikuwa unakuja wewe. Kwema? Joto? Umeme? Panya? Najua ulikuwa unaliulizia gari, baba, mimi si mtoto. Lakini nilikuwa naitikia mimi. Tangu mchana nilikuwa naingoja hiyo sauti. Kule hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hata habari za panya."

Mama Pazia aliona aibu iliyompanda kutoka miguuni. Alishona mapazia ya kila kioo, akajiona mtoto mwema, lakini jioni hata moja hakukaa ndani ya gari lile na mama yake. Alikuwa na kazi. Siku zote alikuwa na kazi.

Mikono ya Meneja ilikuwa juu ya usukani, katikati ya kanga. Simu ikaita. Na lile gari, kwa kimbelembele chake, likaipokea lenyewe, na sauti ya bosi ikatoka kwenye spika zote, ikajaa chumba kizima.

"Meneja! Uko wapi? Mgeni ameshatua, amesimama juani!"

"Gari halitoki, bosi."

"Halina chaji?"

"Limejaa tele."

"Limeharibika?"

"Halijaharibika. Yumo mama yangu ndani."

"Mama yako?" bosi aliuliza, sauti imepoa. "Si uliniambia mama yako alifariki zamani, hata kumzika hukuwahi?"

"Alifariki, bosi," Meneja alisema, na sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka na hakujali nani anaisikia. "Nimepata mwingine."

Mama Pazia akautua mkoba sakafuni, akatema pini mkononi, akafungua mlango wa upande wa pili, akaingia na yeye kuketi.