Maneno ya Ombui kwa Baba Yake

Katika ofisi yao ya kutengeneza programu za sauti, Kisii mjini, Linet Nyangate aliwakemea wenzake juu ya jambo moja mpaka wakamchoka: njia ya sauti haisubiri kitu. Programu ikisimama hata kidogo kuhifadhi faili, spika inakosa cha kutoa na sauti inakatika. Basi siku ya mazishi ya baba yake shetani gani alimpitia?

Mzee alikuwa ndani ya jeneza uani kwao kijijini, Ikonge. Kaka yake Ombui, kifungua mimba, alikuwa Marekani, na karatasi zake hazikumruhusu kusafiri. Yeye na mzee walikuwa wamenuniana miaka mingi juu ya shamba la majani chai. Sasa aliomba kitu kimoja tu: amwombe baba msamaha mbele ya watu, kwa sauti yake mwenyewe, kabla ya udongo.

Linet akaandaa programu ya kuipokea sauti hiyo moja kwa moja kutoka Marekani. Akataka mama yao abaki nayo pia, hivyo akaweka kazi ya kuhifadhi humo humo kwenye njia ya sauti. Alijua ni kosa. Lakini alipoijaribu ofisini ilienda vizuri, akajipa moyo, akasahau kwamba kompyuta ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa kuukuu na ya polepole.

"Tata," Ombui alimwita baba yake kwenye spika, na uwanja mzima ukatulia. "Mimi ndiye..."

Kisha mikwaruzo. Silabi, kimya, silabi. Linet alibofya huku na huku. Mawingu yalikuwa yametanda, na Pasta Mokua, kwa huruma tu, akainua mkono.

"Kijana analia, ndugu zangu. Tumwachie Mungu."

"Pasta, halii," Linet alisema, lakini wimbo ulishaanza na udongo ulishaanguka juu ya jeneza. Ombui aliendelea kuongea, hajui kitu.

Faili ilihifadhika nzima, kwani kila kipande kilisubiriwa mpaka kikaandikwa. Wageni walipoondoka, Linet alimwekea mama yake, Persis, rekodi hiyo kwenye simu jikoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimtiririka, kisha akamrudishia simu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Lakini Ombui hakunikosea mimi."