Swichi Kubwa

Theopista aliporudi kutoka sokoni saa nne asubuhi, mkesha wa Krismasi, ofisi ilikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtisha.

Kwa siku mbili mashine iliyobeba barua pepe za wateja wao wote, hapa Moshi mjini, ilikuwa imenguruma bila kupumzika, ikiujenga mfumo wake upya kutoka kwenye msimbo asilia, yaani maandishi ya programu zenyewe, kwa sababu wadukuzi wasiojulikana walikwisha kupata upenyo katika ule wa zamani. Alfajiri ujenzi ulikamilika. Ilibaki hatua ya mwisho, mafaili mapya kuchukua nafasi ya yale ya zamani: saa moja tu, naye aliianzisha alipokuwa akitoka kwenda sokoni. Kisha angepanda kwenda Uru, kijijini kwao mlimani, ambako baba yake alikwisha kumtengea fungu lake la nyama ya mbuzi wa sikukuu.

Swichi kubwa ukutani ilikuwa imeshushwa. Akaipandisha. Mashine ikaandika mistari miwili, ikakwama. Nusu yake mpya, nusu ya zamani, na hazikuelewana.

Kornel, mwenzake wa kazi, alikuwa uani akifunga ndoo ya mafuta kwa kamba, koti la baridi tayari mwilini.

"Nani amezima umeme?"

"Mimi, dada. Tunafunga mpaka tarehe ishirini na saba. Mtu haendi nyumbani Krismasi akaacha umeme unawaka."

"Karatasi niliyobandika kwenye mashine hukuisoma?"

"Niliisoma vizuri. Inasema mashine isiguswe. Sikuigusa. Nilizima pale ukutani."

Theopista aliingia ndani, akaweka diski ya kuanzishia, akafuta mfumo wote, akaanza ujenzi tangu mwanzo. Herufi zilianza kutiririka.

Kornel alisimama mlangoni. "Itachukua muda gani?"

"Siku mbili."

"Pole, dada. Basi mwaka huu Krismasi utailia mjini, na wahuni wa stendi."

Theopista akainuka, akamvuta kwa mkono hadi kwenye kiti.

"Utailia hapa wewe. Kazi yako ni kuilinda hiyo swichi. Keshokutwa nitarudi kumalizia, na nikikuta imeshuka, tajiri wetu utamweleza mwenyewe."

"Mama anasubiri mafuta."

"Kwenu na kwetu ni mfereji tu katikati. Nitampelekea. Nitamweleza pia kwa nini hukuja."

Akabeba ndoo, akatoka. Gari lilipoanza kupanda kwenda Uru, aliipakata ndoo, akaikaza tena kamba ya Kornel juu ya kifuniko.