Mkaguzi Mwenye Jipu

Haya yote ni kweli tupu, na mwenye shaka akaliulize kalio la Rangi Mbili, maana ndilo lililoteseka.

Rangi Mbili ni mpaka rangi mstaafu. Asubuhi moja aliamka na jipu kalioni, kubwa kiasi kwamba alipojaribu kulala chali alijikuta anautazama mtaa kutoka juu. Shida yake ilikuwa moja: litumbuliwe jipu, asikamuliwe yeye. Daktari wa zahanati ya jirani alikuwa na fungu lake katika kila dripu na kila sindano, na mtaa mzima ulijua. Ukiingia mnyonge, macho yanakutoka, unaondoka na vidonge mfuko mzima kama umetoka sokoni. Jirani mmoja aliingia na chunusi, akatoka ameshatundikiwa dripu. Lakini mtu anayeonekana kujua mambo, ilisemekana, haandikiwi ovyo.

Basi Rangi Mbili akaamua kujua mambo. Alivaa koti lake la harusi, akachomeka kalamu tatu mfukoni, akaazima miwani ya kusomea ya mkewe. Kwa miwani ile zahanati ilikuwa na milango miwili. Akaupata wa kweli kwa jaribio la pili.

Daktari, kijana mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa hata hajaliona jipu alipoanza kuandika: dripu, sindano asubuhi na jioni, dawa ya kuongeza damu, dawa ya hamu ya kula. Rangi Mbili akakohoa, akamweleza taratibu kwamba yeye ni mkaguzi wa zahanati. Amestaafu, ndiyo, ila wenzake ofisini hawapitishi wiki bila kumpigia simu.

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Mheshimiwa, wewe mwenyewe unajua," akasema, huku anakunja ile karatasi. "Jipu huiva, likapasuka lenyewe. Likande kwa maji ya moto tu. Na leo hulipi chochote."

Rangi Mbili alirudi nyumbani anacheka peke yake njia nzima. Jipu nalo likaendelea kunenepa. Akawa anakula amesimama, analala kifudifudi, na watoto wa jirani wakaja kwa adabu kuuliza kama babu atawaazima huo mpira. Mkewe alipochoka na miguno yake, akamshika mkono wakarudi zahanati.

Daktari alimpokea kwa taadhima, akamletea maji ya kunywa na kiti, kiti kilichomtoa mzee machozi. Ila kisu hakukigusa. Alilisifu jipu jinsi linavyokwenda vizuri, akaomba mheshimiwa avumilie kidogo. Nani angethubutu kumchana mkaguzi?

"Mheshimiwa wa wapi?" mke akasema. "Huyu baba watoto alikuwa anapaka rangi kuta. Hata huo ukuta nyuma yako aliupaka yeye. Si unauona unavyobanduka?"

Daktari akageuka kuutazama ukuta, akamtazama mzee. Hofu ikamtoka, kalamu ikarudi mkononi, na safari hii dripu zikawa mbili.

"Daktari, samahani," mke akauliza kwa heshima zote, "usaha ukishatoka, dripu inakwenda kufanya nini humo?"

Hakuwa anamchokoza, alitaka kujua. Daktari akairudia karatasi yake. Akazifuta dripu zote mbili. Mama akauliza na habari ya zile sindano, kisha ya dawa ya hamu ya kula, kwani mumewe anakula sufuria zima. Mwishowe vikabaki ganzi, kisu, bandeji na dawa moja. Jipu likatumbuliwa, na Rangi Mbili akapiga yowe lililowaponya wagonjwa wawili waliokuwa wanasubiri nje. Walijisikia nafuu papo hapo wakaenda zao.

Dirishani kwa mhasibu, Rangi Mbili alikuta amehesabiwa ada ya kumwona daktari mara mbili. Akapinga, ile ya kwanza aliambiwa ni bure.

"Bure ilikuwa ya mkaguzi, mzee," dada wa dirishani akasema. "Yuko wapi tumuulize?"

Rangi Mbili akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. Mzee akaingiza mkono kwenye koti la harusi, akalipa, yake na ya mkaguzi.